Mtoto Mvivu, au Mtoto Asiyeona?

Leo nataka tuzungumze habari ya macho ya watoto wetu. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kutafuta majina ya zamani, na kuwapa watu vyeti vyao. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Mimi si daktari, wala sitaki kujifanya daktari. Lakini jambo hili lilinipata darasani nikalikosea, kisha likanifuata nyumbani kwetu. Ndiyo sababu nakuandikia wewe, baba na mama, usije ukakosea kama mimi.

Kosa langu

Nilipokuwa chuoni tulipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini. Nikapewa darasa la tano. Alikuwako mtoto mmoja mrefu kuliko wote, nami nikamketisha nyuma asiwazibe wenzake. Kila nilipoandika hesabu ubaoni, mtoto yule hakutazama ubao. Alitazama daftari la jirani yake. Nikasema moyoni, huyu ni mwizi wa majibu. Mara ya kwanza nilimwonya. Mara ya pili nikamwadhibu mbele ya wenzake wote. Hakujitetea hata kwa neno moja. Wiki iliyofuata hakuja shuleni, wala wiki ya pili yake. Nilipouliza nikaambiwa anachunga ng'ombe. Nikaandika katika daftari la mahudhurio: mtoro. Mazoezi yakaisha, nikapata alama nzuri, nikarudi chuoni.

Huenda wauliza, kama mtoto yule alikuwa haoni, mbona hakusema? Nami nilijiuliza hivyo, lakini baada ya miaka mingi. Jibu lake ni hili: mtu aliyezoea kuona ukungu hajui kwamba wengine hawauoni. Mtoto hana macho ya mwenzake apate kulinganisha. Hudhani kwamba ubao ni ukungu kwa kila mtu, na kwamba wenzake wanajua yaliyoandikwa kwa sababu wana akili kumpita yeye. Basi huona haya, hunyamaza, na hutafuta njia ya kuishi. Njia iliyo karibu ni daftari la jirani.

Barua ya mwalimu

Mwaka juzi dada yangu alinijia na barua kutoka shule ya sekondari ya mwanawe, aliyekuwa kidato cha pili. Akaniambia, "Kaka, wewe ulisomea ualimu. Soma, kisha mtie adabu mpwa wako." Barua ilisema kijana ni mvivu, haandiki kazi yake, na amekutwa mara tatu akinakili kwa wenzake.

Niliposoma maneno hayo nilimkumbuka mtoto yule wa darasa la tano. Sikumtia adabu mpwa wangu. Nilimwita nje, tukasimama mlangoni pa ofisi. Ng'ambo ya barabara kipo kibao cha duka, herufi zake kubwa kama kiganja. Nikamwambia, "Nisomee kibao kile." Akakunja uso, akabana macho, akasema, "Mjomba, kibao kipi?"

Dada yangu aliketi chini kwenye baraza. Akakiri kwamba tangu mwaka mmoja kijana alikuwa akisugua macho kwa kuwashwa, na jirani alimpa majani ya kukamua akamtia. Jicho la kulia likavimba na kuwa jekundu kwa wiki nzima. Baada ya hapo hawakusema neno, wala hawakwenda hospitali.

Jinsi macho yanavyopimwa

Tulikwenda hospitali hapa Tabora. Nakueleza waliyoyafanya, maana wengi wetu twaogopa kupimwa kwa kuwa hatujui. Hapana sindano, hapana kisu.

Kwanza walimsimamisha mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi. Chati za namna hiyo zimetokana na ile aliyoitengeneza daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Kwa mtoto asiyejua kusoma ipo chati ya herufi E tupu, zimegeuzwa juu, chini, kulia na kushoto, naye huonyesha kwa vidole upande zinakoelekea. Walifunika jicho moja, kisha la pili, kwa sababu jicho zima huweza kuficha kasoro ya mwenzake. Jicho la kulia la mpwa wangu likaandikwa 6/60. Maana yake ni kwamba kile ambacho mtu mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 60, yeye hana budi kukisogelea hata mita 6.

Kisha wakampa kipande cheusi chenye tundu dogo sana, atazame kwa tundu hilo. Akasoma mistari mitatu zaidi. Mpimaji akafurahi, akanieleza kwamba tundu likisaidia, mara nyingi ubaya uko katika njia ya mwanga unavyokunjwa kuingia jichoni, na jambo hilo huweza kurekebishwa kwa lenzi.

Kwa watoto wengi habari ingeishia hapo. Wangejaribiwa vioo mbalimbali, na mpimaji angeuliza, "Lipi bora, hili au hili?" Wangepewa miwani, wakarudi shuleni. Lakini kwa mpwa wangu hakuna kioo kilichomfaa vema. Mpimaji alipomulika jicho kwa kurunzi yake ndogo aliona mwanga ukifunguka na kufunga kama mkasi. Akatuambia twende Dar es Salaam tukaonane na wataalamu wenye mashine kubwa zaidi.

Alinifafanulia ugonjwa wenyewe. Mbele ya jicho kuna ngozi angavu kama kioo, ambayo madaktari huiita konea. Ni nyembamba, katikati yapata nusu milimita tu, na yapasa kuwa mviringo kama mgongo wa kijiko. Kwa watu wengine, hasa kuanzia umri wa kubalehe, huzidi kuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama pia ya watoto. Mwanga hauingii sawasawa, na taa moja huonekana kama taa tatu. Kusugua macho kwa nguvu miaka mingi huhesabiwa miongoni mwa mambo yanayouchochea ugonjwa huu. Basi mzazi, mtoto anayewashwa macho kila siku mpeleke hospitali apate dawa ya kuwashwa, wala usimwache asugue.

Njia ya misafara

Dada yangu aliuza madumu yake ya asali, nami nikaongeza nilichokuwa nacho. Tukapanda treni ya zamani, kijana na mimi, zaidi ya kilometa 800 kwenda pwani. Katika kila stesheni kijana aliniuliza, "Mjomba, hapa ni wapi?" Nami nikamsomea kibao: Igalula, Goweko, Malongwe, Itigi.

Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912, yafuata kwa sehemu kubwa upande uleule wa misafara ya zamani ya pembe na watumwa. Njiani nilimsimulia kijana habari za mzungu mmoja aliyepita njia hiyo akiwa karibu kipofu. Jina lake John Hanning Speke. Yeye na mwenzake Richard Burton waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba, baada ya miezi zaidi ya minne. Hapo walipokewa vizuri na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Walipoendelea magharibi Burton alishikwa na homa na miguu ikakataa, akabebwa. Speke alishikwa na macho. Tarehe 13 Februari 1858 msafara ulipopanda kilima, Ziwa Tanganyika likawa mbele yao. Wote waliliona isipokuwa Speke. Alikuwa amesafiri miezi saba na nusu kulitafuta ziwa, naye machoni mwake mlikuwa na ukungu na mng'ao tu.

Ugonjwa wa Speke ulikuwa mwingine, uvimbe wa macho, si konea iliyochongoka. Baadaye alipata nafuu, akaondoka Kazeh kwenda kaskazini, akaliona ziwa la Nyanza tarehe 3 Agosti 1858. Katika safari hiyo alivaa miwani ya rangi kuzuia jua. Watu wakamzonga, wakiinama chini ya kofia yake wapate kuona macho yake ya pili, hata akaivua akaifungia. Mpwa wangu alicheka sana. "Kumbe hata yeye walimwita macho manne!" Nikamwambia, ndiyo, lakini wewe usije ukaifungia yako kwa sababu ya kuchekwa.

Kisha akanyamaza, akasema, "Mjomba, mimi nami nimekaa shuleni miaka tisa, na sijauona ubao."

Lenzi inayovaliwa jichoni

Huko Dar es Salaam walimketisha mbele ya mashine inayoangaza duara nyingi juu ya jicho, kisha hupiga picha. Katika jicho zima duara hizo huwa mviringo. Katika jicho lake zilikuwa zimepinda na kubanana upande wa chini. Mashine ikapima mkunjo wa konea kila mahali, kwa sehemu za milimita.

Daktari akasema miwani haitatosha, kwa kuwa kioo kilichoko mbali na jicho hakiwezi kusawazisha uso wenye kilima. Dawa yake ni lenzi ngumu ndogo, ndogo kuliko ile duara ya rangi ya jicho lenyewe. Lenzi hiyo haikai juu ya jicho pakavu, bali huelea juu ya machozi. Machozi hujaza mabonde kati ya lenzi na konea, kama fundi apigavyo lipu ukuta wenye mashimo. Basi mwanga hukutana na uso laini, na kijana huona.

Ufundi huu una historia. Mwaka 1888 daktari Mjerumani Adolf Eugen Fick, aliyekuwa akifanya kazi Zurich, Uswisi, alitengeneza lenzi za kioo zilizofunika hata weupe wa jicho. Alizijaribu kwa sungura, kisha kwa nafsi yake, lakini mtu hakuweza kuzivumilia ila saa chache. Mwaka 1948 Mmarekani Kevin Tuohy alitengeneza lenzi ndogo ya plastiki inayofunika konea tu. Kisha mwaka 1961, wakati wa Krismasi, mwanakemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dinamo ya baiskeli. Lenzi laini ndizo zinazovaliwa na watu wengi duniani leo. Kwa konea kama ya mpwa wangu, mara nyingi ile ngumu hufaa zaidi.

Usidhani lenzi hununuliwa kama kofia, unavaa tu inayokutosha. Walimjaribisha moja, wakangoja yapata nusu saa machozi yatulie. Wakamtia rangi ya manjano machoni, wakamulika kwa taa ya buluu. Machozi yaking'aa kijani yaonyesha palipo na nafasi, na palipo peusi lenzi imegusa konea. Ikigusa sana italeta kidonda. Ikilegea sana itadondoka. Ya kwanza ikakataliwa, na ya pili pia. Ya tatu wakaipokea, wakaandika vipimo vyake, wakaagiza. Tulikaa kwa ndugu zetu Temeke majuma matatu tukingoja.

Masharti

Siku ya kupewa lenzi, nusu ya wakati ilikuwa ya mafundisho. Muuguzi alikataa kutupa mpaka kijana alipoweza kuivaa na kuivua mwenyewe mara kadhaa. Machozi yalimtoka kama aliyekata vitunguu. Akaambiwa avae saa chache siku ya kwanza, aongeze kidogo kidogo. Nayaandika masharti haya kwa ajili ya yeyote ambaye mwanawe atafika huko.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kugusa lenzi. Lenzi isiguse maji kamwe, yawe ya kisima, ya mto, ya bomba au ya mvua, hata yakiwa meupe namna gani. Ndani ya maji huishi kijidudu kisichoonekana, jina lake akanthamiba, nacho kikijificha chini ya lenzi hula konea kwa maumivu makubwa. Wala usiilowanishe kwa mate. Ioshe na kuihifadhi kwa dawa yake tu, na dawa ya jana imwage. Usilale nayo ila daktari akikuruhusu, maana konea haina mishipa ya damu, nayo hupata hewa yake hasa kutoka nje. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiona giza, ivue upesi uende hospitali siku hiyohiyo.

Muuguzi alitueleza pia habari za lenzi za rangi za urembo ambazo vijana wa mijini hununua madukani bila kupimwa, na hata kuazimana. Huo ni mchezo na moto. Vidonda vya konea huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati, macho hayarudi kuwa kama zamani.

Tena lenzi haiponyi ugonjwa. Mpwa wangu hupimwa mara kwa mara kuona kama konea inazidi kuchongoka. Ikizidi, iko njia iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1990, ya kuidondoshea konea vitamini B2 na kuimulika kwa mwanga maalumu, ili ikaze isiendelee. Ugonjwa ukifika mbali sana hubaki upasuaji wa kupandikiza konea ya marehemu aliyeitoa kwa hiari. Kwa sababu hiyo yafaa kuwahi.

Kurudi

Tukapanda treni tena. Siku ya pili kijana aliamka, akanawa na kukausha mikono, akavaa lenzi yake, akakaa dirishani. Treni ilipokuwa ikipunguza mwendo, kabla sijaona kitu, akasema, "Itigi." Baadaye, "Malongwe." Kisha, "Goweko." Mimi nilikuwa nimesinzia, yeye ndiye aliyenisomea. Tulipofika Tabora mama yake alikuwa amesimama mbali kwenye umati. Kijana akamwona kabla yangu, akasema taratibu, "Mama amekonda." Miezi mingi alikuwa hajauona uso wa mamake vizuri ila akiwa karibu naye.

Shuleni wamemketisha mbele. Hawi wa kwanza, lakini daftari lake ni lake.

Wewe mzazi, tazama

Ndugu msomaji, wengi wa watoto wetu hawatahitaji lenzi hizi, ambazo ni ghali na hupatikana katika miji michache tu. Watahitaji miwani, au dawa, au kuketishwa mbele tu. Lakini hakuna atakayejua bila kupimwa. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba watu bilioni 2.2 au zaidi wana kasoro ya macho, na kwamba angalau bilioni moja kati yao wangeweza kuepushwa au kusaidiwa. Katika bilioni hiyo wamo watu wa kijiji chako.

Basi tazama mambo haya. Mtoto anayebana macho akitazama mbali, anayesogeza kitabu mpaka puani, anayenakili kwa jirani, anayejikwaa jioni, anayesugua macho daima, anayeinamisha kichwa upande mmoja kila anapotazama kitu. Mtihani mwepesi wa nyumbani ni huu: mzibe jicho moja, mwulize aliye mbali kwenye njia ni nani, kisha zima jingine. Akishindwa, mpeleke. Na ukiona weupe katikati ya mboni ya mtoto mchanga, usingoje hata juma moja.

Jicho lisitiwe majani, wala asali, wala maziwa ya mama, wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Uso wa mtoto uoshwe kila siku. Utafiti uliofanywa Kongwa, katika nchi ya Ugogo, miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kwamba uso safi husaidia kupunguza vikope. Anza kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, nao watakuelekeza mbele. KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam na hospitali ya Mvumi, Dodoma, zajulikana kwa kazi yao ya macho.

Nanyi walimu wenzangu, kabla ya kuandika neno "mvivu", mlete mtoto hatua tano mbele, mwulize tena.

Mtoto yule wa darasa la tano nilikwenda kumtafuta. Nilirudi kijijini kwao mwaka jana, nikauliza nyumba kwa nyumba. Wakaniambia jamaa yake walihama na ng'ombe wao kwenda upande wa Mpanda, hakuna ajuaye mahali hasa. Sasa ni mtu mzima. Huenda ana watoto wake shuleni, na huenda mmoja wao ameketi nyuma, anatazama daftari la jirani. Kama wewe ndiwe mwalimu wake, nakuomba, mlete mbele.